Makande ya Juu na Makande ya Chini

Makande yaliyopikwa kwenye nusu pipa yana tabaka tatu. Juu kuna maji ya moto yenye maganda ya mahindi yanayoelea. Katikati kuna mahindi. Chini, karibu na moto, kuna maharage mazito yaliyoshikana, na utamu wote uko huko. Nilijua jambo hili nikiwa darasa la nne, na nilipofika la tano nilikuwa na hakika kwamba nitamaliza shule sijatoka kwenye tabaka la juu.

Shule yetu ilikuwa kilimani huko Mbozi, katikati ya mashamba ya kahawa, na kila aliyesoma pale miaka ile ya sabini alilima kabla ya kula. Siku mbili kwa wiki tulianzia shambani na majembe yetu. Tulichovuna kiliwekwa ghalani, na saa saba mchana kilirudi kwetu kimechemshwa. Watu wa rika langu wakikutana siku hizi hushindana kusimulia ubaya wa chakula cha shule: wadudu, mawe, moshi. Wadudu walikuwepo, na mawe pia. Lakini nikikumbuka mchana wa mwezi wa pili, mvua imekatika kidogo, ukungu unapanda kutoka bondeni na harufu ya maharage inapita kwenye madirisha yasiyo na vioo, wakati mwalimu anafundisha hesabu, simkumbuki hata mmoja wetu aliyekuwa anahesabu.

Kila mtu alikuja na chombo chake. Wengi walikuwa na bakuli za bati zilizobanduka rangi. Wengine walikuwa na vibuyu vilivyokatwa. Mvulana mmoja wa darasa la sita, ambaye mjomba wake alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, alikuja na kifuniko cha gurudumu la lori, kimesuguliwa kwa mchanga mpaka kinang'aa. Kilikuwa kikubwa kuliko karai. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi kutoka serikalini.

"Mama, jaza," alisema kila siku.

"Nijaze nikupe na gari lenyewe?" mpishi alimjibu kila siku, na kumwagia upawa mmoja tu, ambao ulitambaa katikati ya lile sinia na kupotea.

Mpishi tulimwita Mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mjane, aliyevaa koti la kiume juu ya khanga kwa sababu ya baridi, na macho yake yalikuwa mekundu siku zote kwa moshi. Upawa wake ulikuwa kopo lililopigiliwa misumari kwenye mpini wa jembe. Kijiji kilimlipa mahindi ya shamba la shule, na kilimpa chumba kimoja nyuma ya jiko, ambako aliishi na mtoto wa dada yake aliyesoma darasa la tatu.

Sasa, shida yangu na Mama ilikuwa hii. Nilipofika mbele ya pipa, upawa wake ulizama kidogo tu, ukachota juu, ukamwaga maji na mahindi machache kwenye bakuli langu. Aliyefuata nyuma yangu, upawa ulizama mpaka kiwiko cha Mama kikagusa ukingo wa pipa, ukatoka na maharage tele. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Wiki ya pili nilianza kuchunguza. Nilisimama kando na bakuli langu, nikajifanya napuliza chakula, na kuutazama mkono wake. Haikuwa bahati. Alikuwa anachagua. Wengine aliwachotea juu, wengine chini, na kila siku ni walewale.

Kilichonithibitishia hatia yake ni kwamba hakututazama usoni. Tulipofika mbele yake aliinamisha macho chini, akachota, akamwaga, akainamisha tena. Baba yangu, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, alikuwa amewahi kusema nyumbani kwamba mtu mwenye jambo la kuficha hakutazami machoni. Nami nilikuwa mtoto niliyeamini kila kitu kinachofanana na ushahidi.

Ningeweza kumuuliza Mama mwenyewe. Ni jambo ambalo ningemfanyia mtu yeyote leo. Badala yake nilingoja kipindi cha siasa.

Mwalimu wa siasa alikuwa kijana, mgeni, ametoka chuoni moja kwa moja, na aliyaamini aliyokuwa akitufundisha kuliko mwalimu mwingine yeyote pale. Siku hiyo alikuwa anaeleza kwamba watu wote ni sawa na kwamba unyonyaji huanza na vitu vidogo. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama watu wote ni sawa, kwa nini wengine tunapewa makande ya juu na wengine makande ya chini?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alishuka kwenye jukwaa akaja mpaka kwenye dawati langu.

"Nani anafanya hivyo?"

Hapo nilisita. Swali lilikuwa limetoka kinywani kama mchezo, na sasa lilikuwa linataka jina la mtu. Nikasema, "Mama wa jikoni."

Kesho yake mstarini mwalimu wa siasa aliniita mbele na kunitaka nirudie. Nikarudia, mbele ya wanafunzi zaidi ya mia tatu, nikiona moshi wa jiko unapanda nyuma ya vichwa vyao. Mwalimu mkuu, mzee aliyechoka ambaye hakupenda jambo lolote litokee kabla ya saa nne, alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Kisha akatoa amri mbili. Ya kwanza, kuanzia Jumatatu kila mwanafunzi atapimiwa makande kwa kikombe, kipimo kimoja, na mpimaji nitakuwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyeona kasoro. Ya pili, Ijumaa kamati ya shule itakaa, na ikionekana ni kweli Mama anapendelea, atatafutwa mpishi mwingine, na chumba atakipisha.

Sikuwa nimekifikiria chumba. Watu walitawanyika kwenda madarasani nami nikabaki nimesimama pale pale, nikirudia moyoni kwamba haki ni haki.

Jumatatu nilifika jikoni na kikombe kikubwa cha bati. Mama alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pipa hilo hapo."

Nilivua sweta, nikapanda juu ya tofali, nikaanza. Kikombe cha kwanza kiliniunguza vidole, kwa sababu mshikio wake ulikuwa wa bati pia. Nikakifunga kitambaa. Nilichota, nikasawazisha juu kwa kijiti, nikamwaga. Mstari ulikwenda polepole kuliko konokono.

"Chembe moja imebaki kwenye kikombe!" alilalamika mtoto wa darasa la kwanza.

"Yangu hayana maharage hata moja, Mheshimiwa!"

"Koroga kwanza, wewe! Unachota kama unaogopa!"

Walioanza walikuwa wadogo, kisha la pili, la tatu. Kikombe changu kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani. Nilipofika darasa la sita nilisikia sauti ambayo sijaisahau, ya kikombe kugonga bati tupu. Mvulana wa kifuniko cha lori alichungulia ndani ya pipa, kisha akanitazama.

"Waziri wa Makande," alisema kwa upole, "wizara yako imekwisha."

Darasa la sita na la saba walikula ukoko siku hiyo, wakiukwangua kwa vipande vya mbao, na mpaka namaliza shule sikuitwa jina jingine na wavulana wale isipokuwa Waziri. Mama aliangalia yote hayo akiwa juu ya gogo lake. Niliona mdomo wake ukitikisika, nikadhani anataka kulia. Leo nadhani alikuwa anajizuia kucheka.

Jumanne nilikuja na kikombe kidogo zaidi, na nikakoroga. Chakula kilitosha. Kila mtu alipata sawasawa, mahindi sawa, maharage sawa, na nikashuka kwenye tofali nikitegemea kuona furaha. Sikuiona. Watoto wa nyumba za karibu, kama mimi, walikula nusu wakamwaga iliyobaki nyuma ya choo, maana nyumbani kulikuwa na viazi na maparachichi. Mbwa wa kijiji waligundua jambo hilo siku hiyohiyo. Wengine walimaliza, wakalamba bakuli, wakaangalia pipa.

Mchana, kipindi cha hesabu, mwenzangu wa dawati alilala. Alikuwa msichana mkimya mwenye akili nyingi kuliko mimi katika hesabu, jambo ambalo nilikuwa nimelikubali kwa sababu alinionyesha majibu. Nikamtikisa.

"Amka, majibu."

"Niache. Nina njaa."

"Si umekula? Nimekupimia mwenyewe."

Akafungua jicho moja. "Wewe asubuhi umekula nini?"

"Viazi na chai."

"Mimi nimekula baridi."

Alitoka ng'ambo ya mto. Watu walipohamishiwa vijijini, familia nyingi zilisogea karibu na shule, lakini wenye mikahawa iliyokwisha kuzaa walibaki kule kwao, kwa sababu mkahawa huwezi kuubeba kichwani kama godoro. Watoto wao waliondoka nyumbani gizani, kabla moto haujawashwa, wakashuka bondeni, wakavuka, wakapanda. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima na sikujua. Sikuwa nimemuuliza. Mimi, ambaye niliuliza kwa nini mwezi haudondoki.

"Mama alikuwa anatujua," alisema.

"Anawajuaje? Hatazami hata mtu usoni."

"Sasa uso una nini? Anatazama miguu."

Nikainama chini ya dawati. Miguu yake ilikuwa na matope meusi ya bondeni mpaka karibu na magoti, yamekauka na kupasuka, na kwenye pindo la sketi yake kulikuwa na mbegu nyingi za vishona nguo zimejipanga kama askari. Yangu ilikuwa safi, imepakwa mafuta na mama yangu, inang'aa. Niliishi nyuma ya uwanja wa mpira. Niliweza kuisikia kengele nikiwa bado nafunga kamba za viatu.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha, ingawa sikulipenda. Jumatano nilirudi kwenye pipa na kikombe changu, nikaanza kutazama chini. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi hawa siku mbili nikiwasoma nyuso, na nyuso zote zilisema kitu kimoja: niongeze. Miguu ndiyo ilikuwa inasema tofauti. Matope meusi mpaka magotini yalikuwa ng'ambo ya mto. Udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo ulikuwa vijiji vya kati. Miguu safi ilikuwa sisi, watoto wa karani, wa mwuza duka, wa walimu.

Mtu mwingine angeishia hapo na kutubu. Mimi niliendelea kutazama, na nikamwona mtoto wa dada yake Mama, wa darasa la tatu. Alilala hatua kumi kutoka kwenye pipa. Miguu yake ilikuwa safi kuliko yangu. Na nilikumbuka vizuri kabisa kwamba wiki zote nilizochunguza, alichotewa chini.

Watu walipokwisha nikaenda kwenye lile gogo.

"Mama, wale wa ng'ambo nimeelewa. Lakini yule wa darasa la tatu, hatoki mbali."

Mama alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Yule ni mtoto wa dada yangu."

"Ndiyo."

"Sasa ulitaka nimfanyeje?"

Nimesoma mengi tangu siku ile na bado sina jibu la kuridhisha.

"Kwa nini hukumwambia mwalimu mkuu habari ya miguu?" nikamuuliza.

"Aliniuliza nani?"

Kamati ilikaa Ijumaa katika darasa la tatu. Wazee sita walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda vifuani. Mwenyekiti, mkulima wa kahawa mwenye kofia ya sufu, alikuwa amepewa kiti cha mwalimu. Mama alisimama ukutani na koti lake limefungwa vifungo vyote. Nilijua kwamba usiku uliotangulia alikuwa amefungasha vyombo, maana mtoto wa dada yake alikuwa amewaambia wenzake.

Mwalimu wa siasa alinisogeza mbele. "Eleza ulichoona. Usiogope."

Nikaeleza. Nilianza na yale waliyoyajua, makande ya juu na ya chini, na mwalimu akawa anatikisa kichwa kukubali. Kisha nikasema nilikosea. Nikaeleza ukoko wa Jumatatu, makande yaliyomwagwa nyuma ya choo, na usingizi wa mwenzangu. Nikasema Mama hakuwa anatazama sura ya mtu wala jina la baba yake, alikuwa anatazama miguu, na anayetaka kuhakikisha aite wanafunzi asubuhi awaangalie. Mwalimu wa siasa aliacha kutikisa kichwa.

Mwenyekiti akainama, akatazama viatu vyake. Wazee wengine nao wakatazama vya kwao. Mmoja wao alikuwa na mabuti yaliyojaa matope meusi mpaka juu, na wenzake walipoyaona wakaanza kucheka.

"Huyu mpeni upawa wa chini!" mmoja alisema.

"Mpeni na ukoko!"

"Nyamazeni, tuko kwenye kikao," alisema mwenyekiti, naye anacheka. Halafu akanigeukia. "Kwa hiyo, mwanangu, hakuna hata mmoja aliyependelewa?"

Nilimwona Mama ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo, kwa sababu ndilo swali ambalo mimi mwenyewe ningeuliza. Nikisema hakuna, nitakuwa nimedanganya wazee saba na walimu wawili. Nikisema yupo, ile habari yote ya miguu itaonekana ni ujanja, na chumba kitakwenda.

"Yupo," alisema Mama.

Watu wote waligeuka.

"Mtoto wa dada yangu. Dada yangu hayupo duniani. Huyo namchotea chini, na nitaendelea. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni kwa huyo mmoja, msiwasingizie wa ng'ambo."

Mwenyekiti alivua kofia, akajikuna kichwa. "Mmoja kati ya mia tatu," alisema polepole. "Kule kwenye ushirika wetu, kama wanaopendelewa wangekuwa mmoja tu kati ya mia tatu..." Mwalimu mkuu akakohoa kwa nguvu, na mwenyekiti akavaa kofia. "Basi. Mama arudi kwenye upawa wake. Kikombe kirudi nyumbani kwao huyu binti. Kuna jambo lingine?"

Hapakuwa na jambo lingine. Mama alifungua kifungo cha juu cha koti, akatoka, na baada ya muda mfupi tukasikia anapasua kuni kwa nguvu isiyo ya lazima.

Siri ya miguu haikukaa hata siku tatu. Jumatatu iliyofuata nusu ya shule ilipanga mstari ikiwa na matope mpaka mapajani. Watoto wa mwuza duka walikuwa wamejipaka mpaka masikioni. Mvulana wa kifuniko cha lori alikuwa amejibandika majani. Mama alitembea kando ya mstari na upawa begani, akitazama, kama ofisa anayekagua gwaride.

"Haya ya nyuma ya choo," alisema akimwonyesha wa kwanza. "Haya ya bustani ya mwalimu mkuu. Wewe, haya bado mabichi, ng'ambo gani hiyo ya dakika mbili? Na wewe..." Akasimama mbele yangu.

Nilikuwa nimejipaka mpaka magotini. Nilitaka tu kujua kama anaweza kutofautisha. Hivyo ndivyo nilivyojieleza moyoni, na mpaka leo sina hakika kama ni kweli.

"Waziri," alisema, "toka kwenye mstari. Kanawe."

Nilinawa. Niliporudi aliniwekea ungo wa maharage ya kesho mapajani, akanielekeza kwenye gogo lake, akanipa bakuli langu lenye maji, maganda na mahindi machache. Nikala haraka, kisha nikaanza kuchambua. Mawe upande huu, yaliyotobolewa upande ule.

"Umemaliza kuuliza?" alisema bila kugeuka, anasugua pipa.

"Bado, Mama."

"Uliza huku mikono inakwenda."

Nikafikiri. "Kwa nini walimu wana sufuria yao peke yao, na ina vitunguu?"

Mama aliacha kusugua. Alitazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akacheka kwa sauti mpaka akashika kiuno.

"Hilo, mwanangu," alisema, "usilipeleke mstarini mpaka mvua ziishe. Sitaki kufungasha vyombo kwenye matope."